Mlezi wa Mashine Kuukuu

Barua pepe ilisema toleo lijalo la mfumo halitazibeba tena kompyuta za zamani. Fundi aliisoma mara mbili, chai ikampoa, hasira zikampanda. Eti watumiaji wamebaki wanne. Nani kawaambia? Mezani kwake tu zilikuwepo sita zikisubiri matengenezo, na ya saba ilikuwa chumba cha pili, inachapa kazi na shangazi yake.

Mfumo huo wa kuendesha kompyuta hugawiwa bure, na hutunzwa na watu tisa wa kujitolea. Fundi ni mmoja wao, kwa hiyo barua ile ilimuuma kama ya ndugu.

Shangazi haoni tangu utotoni. Kazi yake ni kusahihisha vitabu vya shule ya wasioona kabla havijapigwa chapa, na huvisoma kwa vidole, kwenye kifaa cha nukta nundu ambacho pini zake ndogo huinuka na kushuka. Kifaa kile kina waya wenye kichwa kipana ambao kompyuta mpya hazina tundu lake. Viunganishi vya dukani walishajaribu, vyote vikatoa herufi za uongo. Na mashine ikikosa toleo jipya, mtandao wa shule utaikataa. Shangazi atakuwa hana kazi, basi.

Fundi akaenda kutazama hizo hesabu zilipotoka. Kumbe kila kompyuta hutuma salamu moja kwa mwezi, na salamu ndizo zinazohesabiwa. Kile kiprogramu cha salamu hula kumbukumbu, na yeye, kwa ufundi wake wa kujisifia, alikuwa amekiondoa kwenye kila mashine kuukuu iliyopita mikononi mwake kwa miaka sita. Alikuwa amejipalia makaa mwenyewe.

Akaenda kuungama.

"Kwa hiyo kwao mimi sipo," Shangazi alisema, vidole havijaacha kusoma.

"Hupo."

"Na aliyenifuta ni wewe."

"Ni mimi, Shangazi. Nisamehe."

"Nitakusamehe baadaye. Kikao chao lini?"

Kikao kilikuwa Jumamosi asubuhi, kwa sauti tu, na Shangazi aliketi kando ya Fundi. Fundi alisema yote bila kujipaka mafuta: mashine arobaini na mbili, zote hai, zote amezinyamazisha yeye. Mratibu wa mradi akashusha pumzi ndefu.

"Umetuvurugia takwimu miaka sita?"

"Nimewavurugia."

"Hata hivyo," Mratibu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli, "mimi nina kazi, nina watoto, na nimepoteza Jumapili tatu kwa kosa la mashine nisiyo nayo. Kila sehemu lazima iwe na mlezi wa kuipima katika kila toleo. Wewe tayari unalea tatu. Hii nani ataibeba?"

Fundi alifungua mdomo, lakini aliwahiwa.

"Niandike mimi," Shangazi alisema.

"Samahani mama, wewe ni nani?"

"Yule ambaye hayupo."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mratibu akaeleza kwa upole kwamba vipimo ni ishirini, na kimojawapo ni kuangalia skrini.

"Hicho ataangalia huyu mtoto wa kaka yangu. Kumi na tisa nitafanya mimi. Wewe mwenye macho, mara ya mwisho umevifanya lini?"

"Mwaka juzi," Mratibu alisema.

"Sasa mnaitupa kwa kuwa imeharibika, au kwa kuwa hamjaigusa?"

Wakamwandika. Wakamwambia pia haki ya kila mlezi: akikuta kosa anaweza kuzuia toleo zima lisitoke, ingawa kwa kawaida watu hustahiana.

Jumatatu Shangazi alipima toleo la majaribio kuanzia asubuhi. Kufikia saa sita alikuwa amekamata kosa: kifaa cha nukta kilimeza herufi ya mwisho ya kila mstari.

"Kadogo hako," Fundi alisema. "Tuandike tu, watarekebisha toleo lijalo. Ukizuia leo, wote tisa wanakwama, na ndiyo kwanza tumeingia. Watatuchukia."

"Mtoto asome kitabu nilichosahihisha bila miisho ya mistari mpaka toleo lijalo?"

"Shangazi, tunawaomba hawa watu."

"Mimi sikuomba. Nimeandikwa." Akafyonya. "Kitufe cha kuzuia ni kipi?"

Fundi aliutazama uso ule, akaona hakuna la kubishana. Akamwambia. Shangazi akabonyeza, akarudi kwenye kipimo cha kumi na mbili kana kwamba kafunga dirisha tu.

Dakika kumi hazijapita, simu ya Fundi ikaita. Alikuwa Mratibu, na alitaka kuongea na Shangazi, sasa hivi.

"Mwambie mlezi yuko kazini," Shangazi alisema. "Apige saa nane."