Fumua, Gracieuse

Jumamosi saluni yangu ya mtaa wa Albert Park hujaa pomoni, na ndiyo siku anayochagua Kanali Verlene. Ni Mmarekani mweusi, mwanamke wa kwanza kuongoza kikosi chake jeshini. Sasa amestaafu, anaishi peke yake mtaa wa Overport, mji huu huu. Kiswahili alikipata Nairobi, ubalozini.

Jumamosi iliyopita tu nilimsuka. Leo huyo, amerudi kitini.

"Fumua, Gracieuse. Suka upya."

Eish! Hasira zikanipanda. "Mama Kanali, hizi bado iko mpya! Na wateja wanangoja."

"Wasuke wao kwanza. Nitangoja."

Akangoja tangu asubuhi hadi saa kumi, mgongo umenyooka. Mteja wa mwisho alipoondoka, nikamuuliza kazi yangu ina kasoro gani.

"Haina. Kambini, mwanamke mweusi nilikuwa mimi peke yangu. Hakuna aliyezijua nywele hizi, nikawa nazikata mwenyewe kwa mkasi, miaka ishirini na sita. Kikosi kizima kilinipigia saluti, Gracieuse. Hakuna hata mmoja aliyenishika kichwa."

Nikachukua kitana, nikaanza kufumua.

"Polepole," akasema.