Baiskeli Mbili za Mbaraki

Jumatatu baada ya mazishi, Rispah alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya chumba chao cha Shimanzi, akichambua kunde kwenye ungo, mumewe Ogutu aliporudi kutoka kazini. Alirudi saa ile ile aliyozoea kurudi alipokuwa hai, jua likiwa limeshuka nyuma ya magodauni. Alikuwa amevaa sare yake ya utarishi, ya kaki, iliyochanika begani. Alisalimia majirani, nao wakamwitikia. Hakuna aliyempa mkono, maana wote walikuwa wamemzika juzi, lakini walivuta viti vyao apate kupita.

"Leo umechelewa kupika," alimwambia mkewe.

"Nilikuwa na wageni wa matanga. Wameondoka mchana."

Ogutu akaketi kizingitini. Binti yao Auma, aliyekuwa akijifunza kutembea, akamwendea na kumshika goti. Rispah akampa maji. Hakunywa, ila alikizungusha kile kikombe mikononi kwa kuwa kilikuwa cha baridi.

"Ilikuwaje, Baba Auma?" Rispah akauliza. Watu wengi walikuwa wamemweleza, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwako.

"Nilitoka Liwatoni na barua za ofisi, nikapitia Mbaraki. Nilikuwa upande wangu, kushoto. Mnyororo ulikuwa umelegea, basi nikawa nakanyaga polepole usichomoke. Nikasikia pikipiki inakuja mbele, kwenye kona. Nikasema moyoni, wacha huyu mwenye haraka apite. Akaja upande wangu."

"Uliumia sana?"

"Sikupata nafasi ya kuumia."

Rispah aliendelea kuchambua kunde. Hakutaka kulia mbele yake, kwa sababu mumewe hakupenda kumwona akilia, na sasa Ogutu hakuwa na mahali pengine pa kwenda jioni. Giza lilipoingia Ogutu aliinuka, akajipangusa suruali na kuondoka kwa miguu kuelekea makaburini. Keshoye akarudi tena, na siku zote zilizofuata.

Mwenye pikipiki alikuwa Mzungu wa ofisi moja ya meli, kijana aliyeinunua kutoka kwa wanajeshi vita vilipokwisha. Yeye alivunjika mkono. Kesi ilipofikishwa kortini, kampuni ya magodauni iliyomwajiri Ogutu ilimwambia Rispah kwamba itafuata hukumu. Ikionekana kuwa mumewe hakukosea, angekaa na mtoto katika chumba kile mpaka apate pa kujishikiza. Ikionekana kuwa alikosea, chumba angepewa tarishi mwingine.

Siku ya kesi Rispah alikaa benchi la nyuma na Auma mapajani. Yule kijana alisimama, mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa cheupe, akaeleza yaliyotokea. Katika lugha yake neno lilikuwa moja tu. Chombo chake alikiita baiki, na chombo cha Ogutu akakiita baiki. Hakuwa na hila. Ndivyo walivyosema kwao. Mkalimani wa korti alikuwa Athmani, mzaliwa wa Mji wa Kale, mtu wa kanzu safi na sauti iliyotulia, aliyekula kiapo kufasiri kila neno kama lilivyosemwa bila kuongeza wala kupunguza. Akafasiri, "Baiskeli mbili zilikutana penye kona ya Mbaraki."

Rispah akasimama kabla hajaitwa.

"Bwana mkubwa, baiskeli ilikuwa moja. Ni ya mume wangu. Ya huyu bwana ilikuwa pikipiki."

Athmani akalifasiri hilo pia. Hakimu akamsikiliza kwa upole, akajibu kwamba vyombo vyote viwili vina magurudumu mawili na hupandwa na mtu mmoja, na kwamba korti haikukaa kugawa majina. Kisha akasoma hukumu. Baiskeli mbili zilizo sawa zilikutana. Kwa kuwa zilikuwa sawa, aliyepaswa kupisha ni yule aliyekuwa karibu na ukingo wa barabara, mwenye nafasi ya kutoka, na huyo alikuwa marehemu. Kosa lilikuwa la marehemu.

Siku chache baadaye, jioni, Athmani alipiga hodi Shimanzi. Alimkuta Ogutu kizingitini.

"Salaam, bwana Ogutu. Pole kwa yaliyokufika."

"Nimekwisha poa. Karibu."

Athmani akaketi kwenye kigoda alichopewa, akamgeukia Rispah.

"Dada, sijalala vizuri tangu siku ile. Neno lake lilikuwa moja, nami nilikuwa na mawili ya kulifasiri. Nikatoa lile lililofanana na lake. Nimeapa kutoongeza, sikuona ndia nyingine. Lakini nimesema na hakimu. Amekubali kuitazama kesi upya ukimletea chombo chenyewe cha mumeo akione. Akikiona, hatanihitaji mimi."

"Kiko kwa Tayebali," Rispah akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi uso wake ukafunguka. "Polisi walipokiachia nilikipeleka kwake. Yeye ndiye aliyetuuzia."

Ogutu alikuwa akiyatazama magoti yake.

"Sijui kama mnahitaji kusumbuka," akasema. "Labda nilikuwa nakwenda kasi kidogo."

Rispah akamtazama.

"Ulisema ulikanyaga polepole. Mnyororo ulikuwa umelegea."

"Nilisema hivyo?" Ogutu akauliza.

Asubuhi yake Rispah alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa miguu mpaka Mji wa Kale. Duka la Tayebali lilikuwa katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, yeye na mkewe Khatijabai wakiishi ghorofani. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi tangu ujana wake. Alipomwona Rispah aliacha tairi aliyokuwa akiiziba, akainuka.

"Karibu, mama. Nilitaka kukutumia mtu. Njoo uone mwenyewe."

Baiskeli haikuwa tena kwenye kulabu ilipotundikwa. Ilikuwa chini, imeegemea ukuta, na kulabu yenyewe ilikuwa imenyooka kama msumari.

"Ilianguka wiki ile ya hukumu," Tayebali akasema. "Nilijaribu kuinua, nikashindwa. Nikamwita hamali, tukashindwa wote wawili. Ilikuwa nyepesi hii, mama. Nilikuwa naibeba kwa mkono mmoja."

Rispah akainama. Lile bomba la juu, ambalo Ogutu alikuwa akimpakiza Auma juu yake siku za Jumapili, lilikuwa limevimba katikati, uvimbe laini mweusi, mkubwa kama papai. Akaliwekea kiganja. Lilikuwa na joto. Pedali moja ilikuwa imesinyaa ikabaki kipande cha chuma cha kukanyagia.

"Inanuka petroli," akasema.

"Khatijabai amehamisha kamba ya kuanikia nguo kwa ajili hiyo."

"Huwezi kuitengeneza?"

Tayebali akaipapasa ile pedali. "Mbovu ningeitengeneza. Hii haikuharibika, mama. Inageuka tu. Waambie korti wafanye haraka."

Rispah akaenda kwa Athmani, na Athmani akaenda kwa hakimu, lakini hakimu alikuwa amesafiri kwenda bara, na siku zikapita, kampuni nayo ikingoja. Kila jioni Ogutu alirudi. Zamani shati lake lilikuwa likinuka jua na jasho la kupanda Makupa. Sasa lilinuka petroli, na majirani walihamisha majiko yao ya mkaa alipopita. Mashavu ya miguu yake, yaliyokuwa magumu kwa miaka ya kukanyaga, yakalegea. Upande wa ndani wa mguu wake wa kulia likatokea kovu la kuungua, pale ambapo bomba la moshi la pikipiki humgusa mpandaji asiyejihadhari.

"Hili umelipata wapi?" Rispah akamuuliza, akilishika.

"Nimekuwa nalo siku zote."

"Baba Auma, mimi ndiye niliyekuosha. Mguu huu niliuosha kwa mikono yangu. Haukuwa na kitu."

Ogutu akauteremsha mguu wa suruali. Baadaye kidogo akauliza, "Yule kijana wa Kizungu, mkono wake umepona?"

"Usimuulize huyo."

"Nilimwingilia ghafla. Nilikuwa na barua za haraka, nikaona nitawahi. Hata breki sikushika." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nafikiri juu ya mama yake. Lazima alipata barua huko kwao kwamba mwanawe amegongwa."

Rispah akaingia ndani, akasimama gizani nyuma ya pazia akiwa amejiziba mdomo kwa ncha ya leso. Alikuwa amezoea kwamba mumewe amekufa. Alichoshindwa kuzoea ni kumwona akijuta jambo ambalo hakulifanya, kila siku zaidi ya jana. Na Auma angekua. Angeambiwa babake alikuwa mtu wa namna gani, na mtu wa kumwambia kinyume angekuwa yeye peke yake.

Hatimaye hakimu akarudi, siku ikapangwa. Mahamali wanne waliivuta baiskeli kwa mkokoteni kutoka dukani, wakipumzika kila penye kivuli, na Tayebali akifuata nyuma amevaa koti lake la Idi. Walipofika, walihitaji askari wawili zaidi kuiteremsha. Hakimu akatoka nje barazani. Kijana Mzungu alikuwapo, kitambaa kimekwisha kuondolewa mkononi.

Chombo kilichosimama uani kilikuwa na tangi, injini, na bomba la moshi. Gurudumu la mbele lilikuwa bado limepinda vile vile lilivyopinda Mbaraki. Kilikuwa kinatoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa.

"Huyu ni nani?" hakimu akauliza, na Athmani akafasiri.

"Tayebali, bwana mkubwa. Fundi na mwuzaji wa baiskeli."

"Hiki ulimwuzia wewe marehemu?"

"Mimi, bwana."

"Ulimwuzia nini?"

"Baiskeli, bwana. Ilikuwa na pedali mbili na kengele. Nilimshushia siti mimi mwenyewe, maana aliitaka chini kidogo."

"Na hiki hapa ni nini?"

Tayebali akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mkweli, na alikuwa ameapishwa kwa kitabu chake.

"Leo ni pikipiki, bwana. Siku ile ilikuwa baiskeli. Imegeuka baada ya hukumu."

Athmani akafasiri yote bila kupunguza. Hakimu akatikisa kichwa kwa kuelewa. Alikuwa ameishi pwani muda mrefu na hakuona sababu ya kumshuku mzee yule. Lakini korti, akasema, hutazama kilicho mbele yake. Hukumu ilisema vyombo vilikuwa sawa, na sasa vililetwa vikaonekana kuwa sawa. Hakuona pa kurekebisha.

Rispah akamwambia Athmani, "Mwambie ni wao walioigeuza."

Athmani akamwambia. Hakimu akajibu kwamba huenda ikawa hivyo, na kwamba kesi imekwisha.

Yule kijana akamjia Rispah pale uani. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha ofisini kwamba yeye hana kinyongo, na kwamba mkono umepona vizuri. Alimaanisha kweli alichosema. Akampa Auma peremende, Auma akaipokea.

Kampuni ilimpa Rispah mpaka kesho yake kuondoka. Aliazima kamba kwa jirani, akafunga magodoro, sufuria na cherehani. Alipokuwa anafunga fundo la mwisho akasikia pikipiki inakuja kwenye vumbi la Shimanzi, ikazimwa mlangoni. Ogutu akaingia, akasimama katikati ya chumba kitupu. Alikuwa amechoka. Wafu wengine waliomtembelea Rispah maishani mwake, bibi yake na mdogo wake aliyefia Burma, walikuja mara moja mbili wakiwa wamepumzika, wakaenda zao. Huyu alikuwa na macho ya mtu asiyelala.

"Mama Auma, nimekuponza," akasema. "Mmefukuzwa kwa sababu ya mbio zangu. Nilijua una mtoto mdogo, na bado nikakimbia vile."

Rispah akafungua mdomo kumwambia tena: kushoto, polepole, mnyororo umelegea. Maneno hayo alikuwa amemwambia kila jioni, na kila jioni Ogutu aliyasikiliza kwa adabu, kama mtu anayefarijiwa, akaondoka akiwa mzito zaidi. Akaona kwamba angeweza kuwa mkweli kwake, au angeweza kumwacha apumzike.

Akamshika bega, pale shati lilipochanika.

"Ni kweli," akasema. "Ulikimbia sana. Nilikasirika."

"Najua."

"Sasa nimekusamehe, Baba Auma. Imekwisha. Nenda ukalale."

Ogutu akashusha pumzi ndefu, akaketi juu ya godoro lililofungwa na kuinamisha kichwa. Rispah alipomaliza kuwasha taa na kugeuka, godoro lilikuwa tupu, na nje hapakuwa na pikipiki. Hakurudi tena. Katika ndoa yao yote, huo ndio uongo pekee aliowahi kumwambia.

Asubuhi akaja karani wa kampuni kuchukua ufunguo, akiwa pamoja na tarishi mpya na mizigo yake. Karani huyo alikuwa mgeni kazini na hakutaka kuukabidhi ufunguo kwa makosa, wala kumtoa mtu asiyehusika.

"Wewe ndiye mjane wa yule wa pikipiki?" akauliza.

Rispah akampandisha Auma mgongoni, akaikaza leso kifuani.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."