Mpira Mmoja kwa Wawili

Asubuhi ile Hatua alifika kazini na mpira mmoja katika kila mfuko wa suruali, na mpaka saa moja kamili alikuwa hajajua atatoa upi. Kwa kuitazama juujuu ilikuwa mipira pacha: myeupe, misafi, kila mmoja na mshale mwekundu ubavuni. Lakini wa kulia ulikuwa mgumu na wa kushoto ulikuwa laini, na mshale wa huo wa kushoto aliuchora mwenyewe kwa kalamu ya wino, mezani jikoni kwake, baada ya kulifuta jina la kiwanda kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mkewe hapaki rangi kucha. Chupa ile ilikuwa ya mume, na mwanzoni ilizua maneno ndani ya nyumba.

Kazi yake ilikuwa kubeba begi la fimbo za gofu la mzee mmoja aliyestaafu upimaji wa ardhi, ambaye klabu nzima ilimwita Mpima. Jina la Hatua alipewa na huyo huyo Mpima. Magoti ya mzee yalipoanza kugoma, alimfundisha mbeba begi wake kutembea hatua za mita moja moja, akimpitisha juu ya kamba yenye mafundo mpaka miguu ikazoea. Tangu hapo Hatua ndiye aliyehesabu umbali, na Mpima ndiye aliyeamini. Walikuwa wamekaa hivyo miaka kumi na sita, kama chanda na pete.

Uongo ulianza miaka mitatu iliyopita, mke wa Mpima alipofariki. Mzee alirudi uwanjani baada ya wiki sita, nguo zikimpwaya, na kwenye shimo la saba, ambako lazima mpira uvuke bwawa, akazamisha mitatu mfululizo. Hakukasirika. Alikaa kwenye benchi, akavua glavu kidole baada ya kidole, akasema, "Siku nisipovuka bwawa hili sina la kufanya huku. Nitakaa nyumbani nitazame ukuta." Alisema kama mtu anayetaja ni siku gani ya wiki, na hapo ndipo Hatua alipoogopa.

Shida ilikuwa mpira, au tuseme ilikuwa mkono, lakini mkono hauuzwi dukani. Tangu ujanani Mpima alicheza na mpira wa mshale mwekundu, na huo ni mpira mgumu, wa watu wenye nguvu. Mkono ukiubana sawasawa unaenda mbali, na ukitua karibu na bendera unashika majani, unazunguka kinyumenyume na kutulia. Mkono usipoubana, unaruka chini chini na kuanguka mapema. Mpira laini haudai mengi. Hata mkono uliochoka unaubana, nao unapanda na kusafiri hatua kumi zaidi, ila ukishatua hauzunguki, unateleza kama sabuni bafuni. Kwa mzee yule ndio ulikuwa mpira wenyewe, na Hatua alimshauri siku hiyo hiyo.

"Hiyo ni mipira ya watu waliostaafu mpaka kupumua," Mpima alijibu. "Usiniletee tena."

Basi Hatua hakumletea tena mpira laini unaojulikana kuwa laini. Alimletea uliochorwa mshale. Mzee havai miwani uwanjani, kwa majivuno tu, na sikio lake la kulia lilishaanza kuchagua la kusikia, kwa hiyo hakuona tofauti wala hakusikia. Jumamosi ile mpira ukavuka bwawa kwa hatua mbili, na Mpima akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Baada ya hapo kila boksi la mipira migumu alilonunua lilibadilishwa kimya kimya kwa mipira laini ya wachezaji wengine. Hatua akaanza kuitia chumvi hesabu pia: hatua mia na ishirini alizitaja kuwa mia na thelathini, ili mzee aamini fimbo zake bado zina nguvu za zamani. Alimvisha kilemba cha ukoka, akakikaza barabara, wala hakufikiria siku ya kukivua.

Siku hiyo sasa ilikuwa imefika. Dada yake mkubwa alikuwa amemtafutia kazi katika mji mwingine, kwenye duka kubwa la vifaa vya michezo. Huko kuna chumba chenye wavu; mteja anapiga, na mtu anasimama pembeni akiangalia mpira unavyoruka na unavyozunguka, kisha anamchagulia unaomfaa. Ilikuwa kazi ya Hatua hasa, tena chini ya paa, yenye mshahara wa kila mwezi, bila mkanda wa begi kumla bega. Mkewe alishaanza kufunga vyombo kwa macho. Mwenye duka alitaka jibu kabla Jumapili haijaisha, na leo ndiyo ilikuwa Jumapili.

Angeondokaje? Mbeba begi mpya angetoa mpira kwenye boksi, mgumu na wa halali, na kwa mpigo mmoja mzee angejua kwamba miaka mitatu amechezewa shere. Kumwachia mtu siri pia haikuwezekana. Kwenye kibanda cha wabeba mabegi siri haimalizi kikombe cha chai. Kufika mchana vijana wangekuwa wanamwigiza mzee akivuka bwawa. Hatua aliligeuza jambo hilo wiki nzima, usiku na mchana, na kila alipogusa palikuwa na ukuta.

Na kama hayo hayatoshi, siku hiyo palikuwa na shindano la jozi. Binti wa Mpima, daktari wa meno anayeishi mbali, alikuja likizo ili acheze na baba yake. Katika shindano hilo wawili wanacheza mpira mmoja kwa zamu, mmoja akipiga mwenzake anapiga unaofuata, kwa hiyo mpira lazima uwafae wote wawili. Hawa wawili hapakuwa na mpira wa kuwafaa. Daktari alipiga kama anang'oa gego. Mpira laini ungepaa mikononi mwake na kuelea hovyo, na mtu anayeujua mchezo angeshtuka mara moja.

"Tunacheza na wangu," Mpima alisema, akinyoosha mgongo. "Hatua, toa mpira."

Hatua aliingiza mkono mfuko wa kulia, akautoa mtupu. Akaingiza wa kushoto.

Mzee alianza vizuri, mpira ukakaa katikati ya majani mafupi. Hatua alitembea mpaka ulipo, akatazama bendera, akatamka, "Mia na arobaini." Daktari naye akaitazama bendera, kisha akamtazama Hatua. Akapiga. Mpira ukapanda juu kupita kiasi, ukatua kando ya bendera kabisa, na badala ya kutulia ukateleza mpaka kwenye majani marefu nyuma.

"Bahati mbaya, mama," Mpima alimwambia binti yake.

 Shimo la tatu likawa vile vile. Walipomaliza la sita na mzee akaingia msalani, akamwita Hatua kando kwa kidole.

"Kaka, ile haikuwa mia na arobaini. Na huu si mpira wa baba."

Hatua aliutazama kwanza mlango wa msalani. Akamwambia yote: bwawa, benchi, chupa ya dawa ya kucha, hesabu zilizotiwa chumvi. Hata kazi ya dukani akamwambia, kwa sababu mtu akishaanza kumwaga hajui pa kukomea.

"Tangu lini?"

"Tangu mama alipotutoka."

"Kwa hiyo baba yangu ni kichekesho chenu hapa."

"Hakuna anayejua, Daktari. Ni mimi tu."

"Mtu aliyepima nchi nzima kwa miguu yake. Wewe umemfanya mtoto mdogo." Akanyoosha kiganja. "Nipe mpira wa kweli. Ana haki ya kujua alipo."

Hatua akautoa kutoka mfuko wa kulia. Na hapa tuseme kweli: aliutoa kwa furaha. Mpira utazama, mzee atajua, litapita la kupita, na jioni atampigia simu mwenye duka. Alikuwa amechoka kubeba vitu viwili, na begi ndilo lililokuwa jepesi.

Shimo la saba ilikuwa zamu ya Mpima kuanza. Daktari mwenyewe alimwekea mpira kwenye kijiti. Mzee alipiga, tena alipiga vizuri, kiuno na mabega vikaenda pamoja kama siku za nyuma. Mpira ukaruka chini chini juu ya maji na kuzama hatua kumi kabla ya ukingo.

"Upepo," Daktari alisema. Hapakuwa na upepo, hata bendera ilikuwa imelala.

 Mpima aliitazama mikono yake, upande wa juu, kisha viganja, kama mtu aliyepewa vitu vya mwingine kwa makosa. Akaenda mpaka kwenye benchi, akakaa. Akaanza kuvua glavu, kidole baada ya kidole.

Hatua aliona rangi ikimtoka Daktari usoni. Msiba wa mama yake aliufuata kwa ndege, akakaa siku nne, akarudi kazini kwake. Benchi lile hakuwahi kuliona likikaliwa hivyo.

"Baba," alisema haraka, "ni kosa langu. Nimekuwekea mpira wangu wa mazoezi, una ufa. Vaa glavu. Kaka, lete mpira wa baba."

Mzee aliinua kichwa. "Una ufa?"

"Mkubwa tu. Nimeuona sasa hivi."

"Ndiyo maana," Mpima alisema taratibu. "Nilisikia mkononi kuna kitu."

Kuanzia hapo Daktari alicheza kwa nusu ya nguvu zake ili mpira laini usipae hovyo. Kufika shimo la kumi na moja alikuwa anaitikia hesabu za Hatua, na kufika la kumi na nne alikuwa anazitia chumvi mwenyewe. Mpima alichangamka, akaanza kusimulia mipaka ya mashamba aliyoipima zamani na watu waliotaka kumpiga kwa ajili yake. Wale wawili walitembea nyuma yake.

"Hiyo kazi ya dukani," Daktari aliuliza bila kugeuza shingo, "ni nzuri?"

"Ni nzuri."

"Mimi naondoka Jumanne." Alitembea kidogo. "Siwezi kukuomba, kaka. Sina uso wa kukuomba."

Alivyosema hawezi kumwomba, ndivyo alivyomwomba.

Walimaliza wa tano kati ya jozi kumi na nane, na kwa Mpima ilikuwa kama wamerudi na kombe. Waliketi kwenye baraza nyuma ya kibanda cha mabegi. Mzee akaagiza chai kwa wote, akaweka simu yake mezani, akakohoa.

"Hatua, nina jambo. Yule mwenye duka alinipigia Jumatano kukuulizia."

Hatua alikiweka kikombe chini.

"Nilimwambia mkono wako ni mbovu, huwezi kazi ya kushika vifaa kutwa. Nilimdanganya." Mzee alisema akiangalia majani, si mtu. "Niliogopa. Nilijiambia huyu akiondoka, ndipo nitakapozeeka. Tazama upuuzi huo. Mtu mzima namzibia mtu riziki kwa sababu ya begi."

"Mzee, hayo yamepita."

"Hayajapita, nisikilize. Leo nimejiona. Ule wenye ufa tuuache, lakini mingine yote umeiona inavyokwenda. Nguvu ninazo bado. Begi mtu yeyote atalibeba." Akatabasamu, tabasamu la mtu anayetoa zawadi ambayo ameifikiria. "Nenda, kijana wangu. Nakuachia kwa moyo mweupe."

Daktari aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Mpima alishabonyeza namba na kumsukumia Hatua simu. "Mwambie sasa hivi, nisikie kwa masikio yangu. Mwambie mzee ndiye aliyesema uongo."

Simu ikaita mara tatu. Wiki nzima Hatua alikuwa na sentensi moja tayari ulimini, ya maneno mawili tu: bwana, nakuja. Aliifikiria sura ya mkewe. Aliufikiria ule wavu. Kisha akamtazama mzee aliyekaa wima mbele yake, kifua mbele, akiwa na uhakika wote wa mtu asiyehitaji kubebwa, na akajua kwamba uhakika huo hautafika Jumamosi ijayo bila yeye.

"Haloo?" mwenye duka aliitikia.

"Bwana, ni mimi, yule mbeba begi." Sauti ilitoka vizuri kuliko alivyotegemea. "Ile habari ya mkono uliyoambiwa ni kweli. Sitaweza kuja. Nisamehe."

Akakata. Iliuma, na hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Iliuma kifuani, mahali pale pale ambapo mkanda wa begi hupita.

Mpima alikuwa amekunja uso. "Lakini mkono wako ni mzima."

"Ni mzima, Mzee."

"Sasa kwa nini?"

"Nimezoea huku."

Mzee alimtazama. Alitaka kumgombeza, na midomo ikajiandaa kabisa, lakini furaha ikamtangulia; alijaribu kuificha kwenye kikombe, na kikombe hakikutosha. Daktari alisimama akasema anakwenda kuwasha gari, akaondoka bila kumwangalia yeyote.

"Basi Jumamosi," Mpima alisema. "Saa moja?"

"Saa moja, Mzee," Hatua akajibu, akalivuta begi karibu na kuanza kupangusa fimbo.