Janet Ayachapa Maji ya Mombasa

Vazi lilifika Garsen likiwa limekunjwa ndani ya bahasha, na Valary alipolitoa alidhani wamemtumia mkono mmoja wa nguo wakasahau mingine. Lilikuwa jeusi, gumu, dogo la kutia huruma. Cynthia, mwenzake wa kuogelea aliyeko Mombasa, aliapa kwa simu kwamba hiyo ndiyo saizi yake. Vazi la mashindano halivaliwi, alisema, mtu huingizwa ndani yake, na akiweza kupumua vizuri basi amenunua kubwa.

Janet, mama yake Valary, alilishika kwa ncha za vidole akaligeuza mbele na nyuma. Kwa maoni yake lilikuwa la mtoto wa chekechea. Lakini alipoona linafika magotini alitulia, kwa sababu kanisani kwao Ngao wasingekuwa na la kusema. Jambo lililomsumbua si nguo, ni kile ambacho binti yake alikusudia kukifanya akiwa ndani yake.

Valary alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameshavuka arobaini, na aliogelea kama watu wa mtoni wanavyoogelea: shingo juu, macho kodo, kidevu hakiguswi na tone. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumbani kwao. Zamani, Valary akiwa msichana, kaka yake Elvis alipiga mbizi mtoni pale Ngao mchana kweupe, mama yao amesimama ukingoni na ndoo. Maji yalitulia, naye hakuibuka. Janet alisimama pale mpaka jua likazama, kisha watu wakaja wakamwondoa. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wake aliyeruhusiwa kuzamisha kichwa, hata kwenye beseni.

Aliyemvuta Valary katika mambo haya ni Levis, Mgiriama ambaye wazazi wake walihamia huku kulima, naye akapitia Malindi akifundisha wageni wa hoteli kuogelea. Wakati wa mafuriko alimwona mwalimu akivuka barabara iliyogeuka mto, na viatu vyake kichwani, akawapita wenye mtumbwi. Akamwambia miguu ile inapotea bure. Tangu hapo, kila shule zikifungwa, wakawa wanakwenda Malindi kwenye bwawa.

Mwaka uliotangulia Valary alishindana Mombasa na wanawake wa rika lake, akatoka wa mwisho. Wenzake walijirusha wakapotea chini ya maji, wakatokea mbele huko. Yeye alijirusha na papo hapo akaibuka kama kizibo, akabaki nyuma anawahesabu visigino. Levis hakumficha. Alisema mbio zile huamuliwa pale mwanzo, kabla mkono wa kwanza haujavutwa. Juu ya maji mtu anapigana na mawimbi, chini njia ni nyeupe.

Kwa hiyo alimfundisha teke la chini. Mikono inyooshwe mbele, kiganja juu ya kiganja, masikio yabanwe katikati. Mwendo uanzie kifuani, upite kiunoni, ndipo ufike miguuni. Magoti yasikunjwe kama ya mtu anayeendesha baiskeli. Miguu iende pamoja, na irudishwe juu kwa nguvu ile ile iliyoishusha. Valary aliyafanyia mazoezi kitandani, amelala kifudifudi, mbao zikilia. Janet alichungulia mlangoni akatazama kwa muda mrefu.

“Anayeogelea hivyo kwenye mto huu namjua,” alisema, akarudi jikoni.

Kitandani Valary alikuwa bingwa. Ndani ya maji, uso ukishaguswa tu, miguu ilisahau yote na mwili ukakimbilia juu. Alijichukia kwa hilo. Hakutaka medali; alitaka mara moja tu maishani akae chini ya maji bila kumwona Elvis. Alimweleza mama yake hivyo hivyo, bila kupamba. Siku ya pili Janet alisema kama kichwa kitazamishwa, basi naye atakuwepo.

Mombasa, katika chumba cha kubadilishia nguo, vazi lilipanda mpaka magotini likagoma. Cynthia alivuta upande wa kushoto, mama mmoja asiyejulikana akavuta kulia, Valary akawa anarukaruka katikati kama mbuzi wa Krismasi. Cynthia alisema kuna ujanja wa kuvaa mfuko wa nailoni mguuni ili nguo iteleze, ila ndiyo hivyo, mifuko serikali ilishapiga marufuku. Janet alisikiliza. Kisha akatia mkono kwenye kikapu chake, akachomoa mfuko wa milia ya buluu na nyeupe, aliokuwa ameuhifadhi chini ya godoro tangu siku ya tangazo. Akasema alijua ipo siku.

Vazi likapanda. Valary alitoka nje amesimama wima kama mtu aliyemeza upanga, na wenzake wakajipanga, kila mmoja mbele ya njia yake. Hapo ndipo Janet alipopita chini ya kamba ya kuzuia watazamaji, na mkononi ana mwiko wa kusongea sima.

Kwao mtu hachoti maji mtoni hivi hivi. Huyachapa kwanza, kwa fimbo au kwa kasia, ili aliyelala chini ajue watu wamekuja aondoke. Janet alipiga magoti ukingoni akaanza kuyachapa maji ya bwawa, polepole, kwa utaratibu. Sauti ilijaa ukumbi mzima. Farah, mwamuzi mkuu, kijana mwenye kipenga na subira, alimwendea akainama.

“Mama, unafanya nini?”

“Nafukuza mamba.”

“Hapa hakuna mamba, mama.”

“Hata Ngao siku ile walisema hakuna,” Janet alimjibu, akaendelea kuchapa.

Farah alifungua kitabu cha kanuni. Alisoma habari za mavazi, urefu wake na kitambaa chake; alisoma habari za kuruka na kugeuka. Kuhusu mwiko hakukuwa na neno. Akakifunga, akaomba washindani wavute subira kidogo. Katika njia ya jirani Cynthia, mzaliwa wa Mombasa, aliyewahi kumwona mamba kwenye mbuga ya watalii tu, alitazama maji ya kwake yaliyotulia. Akamwomba mama, kwa sauti ya chini, apite na upande wake pia.

Janet akapita. Alipomaliza alimtazama binti yake akaitikia kwa kichwa, na Valary akahisi kitu kimelegea kifuani, chini ya vazi ambalo halikuruhusu kitu chochote kulegea.

Kipenga kililia. Aliingia majini na uso wake, na maji yalikuwa maji tu. Mikono ikanyooka, kifua kikashuka, kiuno kikafuata, miguu ikapiga chini ikarudi juu. Alisubiri hofu imnyanyue. Haikuja. Pale chini palikuwa kimya na buluu, na alifurahi kiasi kwamba alitaka kucheka, akapiga tena, na tena. Alama nyekundu kwenye kamba ya njia yake, ambayo Levis alimwonya mara nyingi kwamba kichwa lazima kiwe kimeibuka hapo, ilipita juu yake bila yeye kuiona.

Alimaliza wa kwanza, amewaacha wenzake mbali. Farah alikuwa ameshainua mkono. Alieleza kwa masikitiko ya kweli kwamba kanuni ina mpaka wake, mwalimu amekaa chini kupita kiasi, matokeo yake hayahesabiwi. Levis alijishika kichwa.

Valary alimtafuta mama yake pale alipomwacha, hakumwona. Janet alikuwa ukingoni, usawa wa katikati ya bwawa, mwiko mkononi. Alikuwa amekifuata kivuli cha binti yake hatua kwa hatua, na kichwa kilipoibuka akasimama papo hapo. Leso yake ilikuwa imelowa.

“Wamenitoa, mama. Nimekaa chini sana.”

“Umekaa,” Janet alikubali. Alimpangusa uso kwa leso, kama anavyopanguswa mtoto, na yeye mwenyewe machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. “Leo nimengoja ukingoni, na mtu akatoka.”

Kisha akauliza ule mfuko uko wapi, kwa sababu nguo ile sasa itabidi ivuliwe.