Binti wa Jenerali Varenski

Kaka yangu Suud alirudi kutoka Moscow na masanduku mawili ya vitabu, koti moja zito lisilokuwa na kazi Maskati, na Jenerali Varenski. Vitabu tulivipanga ukutani, koti mama akalitundika nyuma ya mlango likaliwa na nondo. Huyo Jenerali ndiye tuliyeshindwa pa kumuweka. Alikuwa nasi kwenye chai ya asubuhi, alikuwa nasi kwenye wali wa mchana, na hata tukimpara samaki magamba, Suud husimama mlangoni akatusimulia Jenerali alivyokuwa akipenda samaki wa mtoni.

Alikuwa Mrusi wa karne iliyopita, amekufa zamani, na Suud alimsoma chuoni mpaka akapatia digrii yake. Mimi nikimjua mtu yule kuliko nnavyomjua babu yangu. Aliingia jeshini bado kijana, akapigana na Wafaransa, akapigwa risasi ya paja, akachechemea maisha yake yote. Baadaye akapewa jimbo la kusini alitawale, akajenga barabara na hospitali, akapanda daraja mpaka akawa mshauri wa mfalme wao. Wakati ule wakulima wa kule walikuwa wakimilikiwa na mabwana zao, na Varenski akitaka waachwe huru. Katika baraza la mfalme palikuwa na mzee mmoja wa ukoo mkubwa aliyeweka mguu mlangoni, jambo lisipite. Basi Varenski akamuoza yule mzee binti yake mdogo, Sofia, na mzee akageuka akawa upande wake.

"Mnamuona mtu huyo?" Suud husema hapo, macho yanamng'ara. "Alimtoa mwanawe kwa ajili ya umma mzima!"

"Na mkewe alikuwa wapi?" mama alimuuliza siku moja.

"Mkewe alikufa mapema."

"Ndiyo maana," mama akasema, akaendelea kuchagua mchele.

Hayo yalikuwa mwisho wa mwaka wa sabini, Idi imeshapita. Baba alikufa Unguja mwaka wa sitini na nne, katika zile siku ambazo mama mpaka leo hazitaji. Suud alikuwa masomoni, mimi na mama tukapata jamaa wa kutupokea Kuwait, na huko nikasomea ualimu. Sultani mpya alipowaita watu wake warudi, tukarudi. Nasema tukarudi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga nchi hii kabla ya siku ile. Lakini Suud alilipenda sana neno hilo. Akiulizwa sokoni Matrah mtu wa wapi, hujibu kwa Kiarabu cha vitabuni, akataja kabila na kijiji cha Samail ambacho hata njia yake haijui. Wenyewe hutabasamu wakaambizana, "Zinjibari," yaani mtu wa Unguja. Kaka yangu hurudi nyumbani uso umemuiva, hana hamu ya chakula.

Kazi alikuwa hajapata. Serikali mpya ikiwataka waliosoma, lakini aliyesoma Moscow alitazamwa kwa jicho jengine, maana Dhofar kulikuwa na vita na ukomunisti ukiogopwa kuliko ndui. Alihitaji mtu mkubwa wa kumsemea. Na mimi nilikuwa na langu. Skuli ya wasichana ilikuwa karibu kufunguliwa, na nishaambiwa watanichukua nisomeshe. Nilikuwa na furaha hata sikwambii, nikipiga pasi nguo zile zile kila siku.

Mtu mkubwa tuliyempata ni Sheikh Thabit, mfanyabiashara wa Matrah, mzee wa heshima zake. Alikubali kuja kwetu baada ya alasiri kumtazama huyo kijana wa Moscow. Jirani yetu Nasriya, mzaliwa wa hapa hapa, akaja kutusaidia kahawa, maana kahawa yetu akiiita maji ya kusuuzia dele. Tukakaa watatu nyuma ya pazia, yeye, mama na mimi.

Sheikh aliingia na wazee wawili. Ujana wake aliumaliza Pemba kwenye karafuu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Baada ya halua akauliza, "Hao Warusi, mwanangu, Mungu wanamjua?"

Suala dogo la kujibiwa kwa maneno mawili. Lo! Suud akamfungulia Varenski mzima, toka risasi ya paja mpaka Sofia. Mzee akasikiliza ndevu mkononi.

"Akamtoa binti yake?"

"Akamtoa, ammi."

"Na wewe unaona alifanya vyema?"

"Mtu mkubwa hujulikana kwa kile anachokubali kukitoa, ammi."

Mimi nikamtazama mama, mama akatazama dari.

Kahawa ikapita. Sheikh akapokea finjani yake, na badala ya kunywa akaiweka juu ya mkeka mbele yake. Wale wazee wawili nao wakaweka zao. Nasriya akanishika mkono kwa nguvu, mimi nikadhani ameumwa na sisimizi.

Kwetu Unguja mgeni asipokunywa kahawa, ama imekuwa chungu ama anaogopa kukosa usingizi. Suud akahangaika. "Mbona hunywi, ammi? Tukubadilishie?"

"Nna haja, mwanangu."

Suud akadhani ni jambo dogo la kusaidiwa, pengine kusomeshewa mjukuu, na moyo ukampanda kuona mzee anamhitaji. Akaweka mkono kifuani. "Haja yako imekwisha, ammi. Kunywa kahawa yako."

Wote watatu wakanyanyua finjani wakanywa.

"Tulikuja kumuomba dada yako kwa mwanangu Marhoon," Sheikh akasema, "na wewe umetupa. Mungu abariki. Na hilo jambo lako la kazi, sasa mimi ni mzazi wako. Ntasema na wakubwa."

Kabla Suud hajaupata ulimi wake, Nasriya akapiga kigelegele kilichosikika mpaka kichochoro cha pili.

"We Nasriya, una wazimu?" Nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Kwani hukuiona finjani?" Ameshangaa kweli, maskini. "Mgeni akiiweka chini ana haja. Mwenyeji akimwambia kunywa, ameshampa. Hili si la kufundishwa mtu!"

Wageni walipokwenda zao, na magharibi tukaisali, Suud akaja kukaa na sisi. Alikuwa anakwepa kunitazama.

"Marhoon anasemwa ni mtu mwema," akaanza. "Ana mashamba Samail."

"Na mke?"

Akakohoa. "Mmoja."

"Astaghfirullah," mama akasema.

"Kaka, kesho asubuhi unakwenda kwa mzee unamwambia hukujua. Basi, imekwisha."

"Rahisi hivyo?" Sauti ikampanda. "Nikasimame mbele ya baraza la Matrah niseme sijui maana ya finjani? Mimi nnayewaambia watu kila siku kuwa mimi wa hapa, baba yangu wa hapa, babu yangu wa hapa? Hili neno limenitoka mbele ya mashahidi, Mahbuba. Na nikipata kazi, si ntawafaa watu wangapi? Skuli hizo hizo unazozitaka, ntafungua kumi! Varenski alipo..."

"Usinitajie Varenski!" Nilipiga ukelele mpaka mama akashtuka. "Hebu nambie. Sofia alisemaje?"

"Sofia?"

"Huyo binti. Alipoambiwa anaolewa na kizee, alisema nini?"

Akafikiri. Kwa kweli alifikiri, nikamuona anapekua kichwani ukurasa baada ya ukurasa. "Hakuna aliyeandika," akasema.

"Miaka yote hiyo umelala na vitabu vyake! Unajua risasi iliingia paja gani, unajua alikula samaki gani, mwanawe alisema nini hujui? Haya. Sofia hayupo. Mimi nipo, nimekaa mbele yako. Niulize mimi."

Akanitazama kwa mara ya mwanzo tangu wageni waondoke. Kaka yangu hakuwa mtu mbaya, na siku zote akinipenda. Ila suala hilo lilikuwa zito mdomoni mwake, maana hakuna aliyepata kumfundisha kuliuliza.

"Mahbuba. Unataka kuolewa na Marhoon?"

"Sitaki. Nataka kusomesha. Siku nikitaka kuolewa ntakwambia mwenyewe."

Akamgeukia mama. "Baba angekuwapo angefanyaje?"

"Sijui, mwanangu," mama akasema. "Lakini angeniuliza mimi."

Suud akajifunika uso kwa viganja. "Watatucheka mpaka tufe," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nilimhurumia, wallahi. Nilijua kile alichokuwa akijenga tangu tushuke hapa, tofali kwa tofali, ili tu watu wamwambie huyu wetu. Nilikaribia kusema basi, kaka, ntaolewa. Nikajizuia kwa nguvu zangu zote.

Siku ya pili mama akasema tunakwenda sote. Nyumba ya Sheikh Thabit ilikuwa karibu na bandari, na alasiri ile baraza lake limejaa watu. Mimi na mama tukapitishwa upande wa wanawake, kwenye chumba chenye dirisha la mbao lililotobolewa, ukisikia kila kitu cha barazani. Mke wa Sheikh, Bi Shaikha, akatuwekea tende. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, hana maneno mengi.

Suud hakukaa. Alibaki amesimama, na Kiarabu chake cha vitabuni kikamkimbia, akasema kwa Kiswahili.

"Ammi, jana nilikwambia haja yako imekwisha. Sikujua maana yake. Sisi tumezaliwa Unguja. Kwetu finjani ikiwekwa chini, imewekwa chini tu."

Waliofahamu Kiswahili wakawatafsiria wenzao, na kicheko kikaanza kwenye pembe moja kikazunguka baraza zima. Mama akanipa mkono wake. Sheikh akangoja mpaka wakanyamaza.

"Nilijua hujui," akasema.

Watu wakasogea karibu wasikie.

"Mimi nimekaa Pemba, nayajua ya kwenu. Nikasema kijana huyu nikimuomba kwa maneno atanizungusha na vitabu vyake. Kisha mwenyewe ukanisifia mtu aliyemtoa binti yake. Nikaona mlango uko wazi, nikaingia."

"Kweli nilimsifia, ammi," Suud akasema. "Nilikosea. Binti yule hakuulizwa."

"Nani anayewauliza?"

"Mimi wangu nimemuuliza. Kasema hataki."

Hapo kicheko kikarudi kikubwa zaidi. Mmoja akapiga paja lake. "Hao ndio Zinjibari! Wanawataka shauri wanawake!" Nilitamani kutoboa lile dirisha nikamjibu.

Sheikh akainua mkono. "Neno lako nimekurudishia. Siozeshi kwa nguvu nyumbani mwangu. Lakini hiyo kazi, mwanangu, tafuta mwengine akusemee. Siwezi kwenda kwa wakubwa kumdhamini mtu asiyeijua kahawa ya kwao."

"Sawa, ammi," Suud akasema. "Wa hapa bado sijawa." Akatoa salamu akatoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Mama akainuka kutafuta viatu vyake. Mimi nikabaki pale pale. Moyo wangu ulikuwa umejaa, nna furaha nimepona, nna uchungu kwa kilichomfika kaka yangu, sijui kipi nikianze. Bi Shaikha akawa ananitazama. Kisha akasema kwa Kiswahili, kile cha Pemba, pole pole, kama anayekitoa kabatini:

"Baba yangu mimi alikuwa anajua."

Sikumfahamu. "Anajua nini, mama?"

"Finjani ilipowekwa chini kwa ajili yangu. Alijua inataka nini. Na akamwambia kunywa." Akanirekebishia buibui begani, akanisukuma kidogo. "Haya nenda, ndugu yako anakungoja."

Nilimkuta Suud kwenye kichochoro amegeukia ukuta, masikio mekundu. Nilimshika mkono mbele ya watu, wakatutazama watakavyo. Tulipofika sokoni akaona machozi yangu, akasimama.

"Sasa unalia nini, Mahbuba? Si imekwisha?"

Nikamwambia imekwisha, Mungu amuweke kaka yangu, na kwamba mimi sijililii. Nilikuwa namlilia yule mama wa mle ndani.