Mashine ya Barafu

Mashine ilikuwa hewani, nusu juu ya maji, nusu juu ya mchanga, na mikono yangu ilikuwa kwenye mpini wa winchi. Ilijizungusha taratibu, kama mtu anayegeuka kutazama ni nani aliyemwita. Nikiukumbuka mwaka ule wa 1957, huanzia hapo.

Ilikuwa imevushwa kutoka ng'ambo, upande wa Wabelgiji, kwa mashua ya chuma. Mzungu mmoja mnunuzi wa samaki, tuliyemwita Bwana Petro, aliitaka kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, ili samaki wake wafike migodini wakiwa kwenye barafu. Kuiteremsha alimwita Kapembwa, mtu wa kwetu aliyeinua mizigo miaka mingi kwenye migodi ya Luanshya, akarudi nyumbani amepungukiwa kidole.

Siku ya kwanza Kapembwa hakugusa kamba. Aliuliza uzito. Alipimapima mchanga kwa kisigino. Alisimamisha magogo matatu yaliyounganishwa juu, akaning'iniza kapi katikati, na chini ya kila gogo akalaza ubao mpana lisizame. Akazungushia kamba eneo lote, watu wakae nje. Ndipo akatuita sisi vibarua wake.

"Mwenye kuongoza ni mutu mumoja, mimi. Mukono wangu ukipanda, Nkonde anavuta. Ukishuka, anateremusha. Chini ya muzigo hapiti mutu, hata kofia yake ikianguka pale. Lakini kusimamisha, kila mutu anaweza. Ukiona kitu mubaya, unalia: Simama!"

"Hata banamuke, ba Kapembwa?" aliuliza Watson, mdogo wangu, akiwachekea wanawake wauza samaki waliokaa na vikapu vyao nje ya kamba.

"Hata banamuke." Akanigeukia mimi. "Na wewe, Nkonde, ukisikia neno lile, usiulize ni nani."

Asubuhi iliyofuata tuliinua. Kwanza kiasi cha kiganja tu, tukangoja. Magogo yakalia kidogo, yakanyamaza. Mkono wa Kapembwa ukapanda, nikavuta.

Mashua, ilipoondolewa ule uzito, iliinuka majini na kuanza kuteleza kwenda zake. Kapembwa akageuka kumpigia kelele nahodha. Ni wakati huohuo kamba ya Watson, ile ya kuuzuia mzigo usiyumbe, iliponasa kwenye jiwe ukingoni mwa maji. Akainama, akaingia chini ya mzigo kuinasua. Mimi sikumwona, mashine yenyewe ilikuwa kati yetu.

"Simama!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Nikafunga winchi.

"Vuta!" Bwana Petro alinguruma nyuma yangu. "Vuta, wewe! Unasikiliza wauza samaki?"

Mabega yangu yalitaka kumtii. Hilo silisahau: mwili ulivyokuwa tayari, na mikono ilivyokataa.

Kapembwa aligeuka. Akaona gogo la upande wa maji, ubao wake umepasuka, na mguu wa gogo unazama mchangani. Akamwona Watson. Hakupaza sauti.

"Watson. Acha kamba. Njoo kwangu."

Watson akaiacha, akatoka. Alikuwa bado anafuta mchanga magotini gogo liliposalimu amri, na mashine ikaanguka pale alipokuwa ameinama. Maji yaliruka yakatulowesha sote, pamoja na Bwana Petro na suruali yake nyeupe.

Alitukana kwa lugha yake kwa muda mrefu. Kapembwa alimngoja amalize, kisha akaenda kwa wauza samaki.

"Nani alilia?"

"Ni mimi, tata," alisema Olipa, mjane kutoka Kilwa ya ziwani kwetu. "Niliona ubao unapasuka. Na mutoto wa watu iko chini."

Kapembwa akaitikia kwa kichwa. Wiki iliyofuata, tulipoiinua tena juu ya mbao mpya nene, alimwekea Olipa kigoda mahali ambapo gogo la upande wa maji lilionekana vizuri. Bwana Petro alitazama kile kigoda, akatazama ziwa.

Lakini jioni ya siku ile mashine ilipoanguka tulirudi nyumbani, tukanawa, tukala. Watson alilalamika kwamba mboga haina chumvi. Mama, ambaye hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, alimjibu kwamba ana miguu, aende akaichukue mwenyewe.

Akainuka, akaenda kuichukua.