Kipande Kwenye Glavu

Sina tabia ya kuiba, lakini asubuhi ile nilibeba chupa zote za formalini zilizokuwa chumba cha upasuaji, nikazifungia kabatini kwangu maabara. Formalini ni dawa nzuri ya kutunza nyama isioze, ila inaua vimeng'enya, zile protini zinazoendesha kazi za mwili, na vimeng'enya ndivyo tulivyokuwa tunavitafuta. Kipande cha msuli kilitakiwa kigandishwe papo hapo ndani ya naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kupita barafu.

Kipande chenyewe kilikuwa cha binti wa miaka tisa, mtoto wa fundi cherehani. Akipanda ngazi kumi anakaa chini. Shuleni walimwita mvivu, na mama yake naye, maskini, alishaamini.

"Mkateni mara moja tu," alituambia. "Mkiharibu, siwapi tena mwanangu. Nitajua ni uvivu tu, nimnyooshe mwenyewe."

Ningemweleza muuguzi wa upasuaji, mambo yangeisha. Lakini muuguzi huyo ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, na kumfundisha wifi kazi yake ni kutafuta maneno ya mwezi mzima. Nikaona bora wizi.

Nikasimama pembeni na mtungi wangu wa naitrojeni ukifuka. Daktari akakata, akainua kipande kidogo kama punje ya mahindi. Hapo wifi akatoa chupa chini ya meza, akafungua kifuniko. Formalini! Alipozikosa zake alikwenda kuazima wodi ya jirani, maana kwa miaka kumi na minane hakuna sampuli iliyotoka mikononi mwake kavukavu. Mazoea yana taabu.

Nikaruka, nikaziba mdomo wa chupa kwa kiganja, na kipande kikatua juu ya glavu yangu.

"Wifi, una wazimu?" akanifokea.

"Ninao. Nipishe!"

Nikakifunga kwenye foili, nikakizamisha mtungini. Kikatoa moshi, kikaganda. Ndipo nikakiri yote, na kabati likiwemo. Daktari alicheka hadi akashindwa kushona kwa muda. Wifi alininunia siku nne, ya tano akaniambia, "Ungesema tu, ningekushikia huo mtungi." Niliona aibu, kwa kweli.

Wiki tatu baadaye majibu yakatoka: kimeng'enya kimoja hakipo, ndiyo maana misuli ya mtoto inaishiwa nguvu upesi. Daktari akaandika namna ya kumlisha na ya kumpumzisha. Mama aliisoma karatasi mara mbili, akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Nisamehe, mama. Nimekuita mvivu, kumbe unaumwa."

Mimi na wifi tukageukia dirishani, kila mmoja akijifanya ana mafua. Binti akamfuta mama yake machozi kwa mkono wa sweta, akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo vyombo vya jana ataviosha nani?"

"Mimi," mama akasema, huku analia na kucheka. "Na vya leo."